Tundu Dogo Chini ya Taa

Mzee Mashimba wa Pasiansi aliosha gari lake kila asubuhi, hata kama jana yake halikutoka. Lilikuwa gari dogo jeupe, la mtumba kutoka Japani, kama mengi yaliyoanza kujaa Mwanza miaka ile ya tisini. Majirani walisema mzee anapenda usafi. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke. Alipoosha gari pale karibu na barabara, wapita njia walimsalimu. Akikaa ndani, hakuna aliyemsalimu.

Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitumbwi. Mke wake, Sabina, alipofariki, aliuza mtumbwi wake mwenyewe akanunua gari hilo. Alitaka aweze kwenda Magu kila Jumapili kumwona binti yake, Winnie. Jumapili hiyo moja ndiyo iliyomvusha wiki nzima.

Lakini gari lilikuwa na tatizo. Taa za nyuma ziliingia maji. Ya kulia ilijaa ukungu ndani, maji yakatuama chini, balbu ikafa. Ya kushoto iliwaka kwa shida.

Siku moja alikuwa anarudi kutoka Magu, giza limeanza kuingia. Lori la pamba lilimjia kwa nyuma likafunga breki karibu kabisa. Dereva alishuka.

"Mzee, nimeona kataa kamoja tu, tena hafifu," alisema. "Nilidhani ni pikipiki iko mbali. Nusura nikuue."

Tangu siku hiyo Mzee Mashimba aliondoka Magu mapema, jua likiwa bado kali.

"Baba, ndiyo kwanza nainjika wali," Winnie alimwambia. "Subiri ule na wajukuu zako."

"Nitakula nyumbani, mwanangu."

Nyumbani hakukuwa na aliyepika. Alikula mkate na chai, akalala.

Basi akaamua kutengeneza taa mwenyewe. Kuzuia maji ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana. Alichukua pamba na lami, akaziba taa zote mbili kama anavyoziba mtumbwi. Aliziba kila ufa na kila tundu. Akaridhika sana na kazi yake.

Baada ya siku chache ukungu ulizidi. Sasa hata rangi nyekundu ya taa haikuonekana vizuri. Mzee alikaa chini nyuma ya gari, ndoo pembeni, akaitazama taa. Alijisikia mzee kweli kweli.

"Mzee Mashimba, habari za asubuhi? Unaumwa?"

Alikuwa Mama Nikhil, jirani yake, ng'ambo ya ua wa michongoma. Jina lake lilikuwa Daksha. Marehemu mume wake alikuwa na duka la spea mjini, na yeye alikaa kaunta miaka mingi. Watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo. Yeye na Mzee Mashimba walikuwa wakisalimiana tu, basi.

"Siumwi, Mama Nikhil. Taa hizi zinanishinda. Nimeziba kila mahali, na maji bado yamo."

Mama Nikhil alizunguka akaingia getini. Aliinama akaangalia, akacheka kidogo.

"Umeziba mtumbwi, mzee. Hii ni taa. Umeona hapa chini? Kuna tundu dogo. Waliotengeneza taa waliliweka makusudi. Taa ikiwaka inapata joto, ikizimwa inapoa. Lazima ipumue, na unyevu upate pa kutokea. Wewe umeufungia ndani."

"Kwa hiyo niache maji yaingie?"

"Hapana. Maji yanaingia pengine. Tuifungue tuone."

Mzee alihakikisha gari limezimwa. Kwa ndani ya buti alichomoa waya na balbu, akafungua nati, akaitoa taa nzima. Walimwaga maji yaliyokuwamo. Mama Nikhil alimwonyesha mpira unaozunguka taa. Ulikuwa umekauka na kukatika.

"Mwizi ni huyu," alisema. "Kila asubuhi unamwagia ndoo nzima, naye anapokea."

"Unaniona ninavyoosha?"

"Kila siku. Nikikosa kukuona nashangaa."

Mzee alianza kukwangua lami.

Waliiacha taa ikauke kibarazani penye upepo, uso wenye matundu ya balbu ukitazama chini. Mzee alitaka kuiweka jikoni karibu na moto, Mama Nikhil akamkataza.

"Hii ni plastiki. Moto utaipinda, na kioo hakitakaa tena."

Taa ilipokauka kabisa, mzee alisugua kutu kwenye soketi kwa msasa laini. Penye ufa, na pale kioo kinapoungana na mwili wa taa, alipaka gundi ya silikoni, nyembamba tu. Aliweka mpira mpya na balbu mpya. Tundu la chini alilizibua kwa kijiti. Gundi iliachwa ikauke mpaka kesho yake, ndipo taa ikarudishwa. Ya kushoto nayo wakaifanyia vivyo hivyo.

Wakazimwagia maji kwa kopo. Ndani pakabaki pakavu.

"Mvua ikinyesha unaweza kuona ukungu mwembamba," Mama Nikhil alisema. "Ukiondoka wenyewe, usihangaike. Maji yakituama, fungua tena utafute yanapoingia."

Jumapili iliyofuata Mzee Mashimba alikula wali wa moto Magu, wajukuu wamemzunguka. Alikula polepole. Winnie alisimama barabarani akaangalia taa mbili nyekundu mpaka zikapotea kwenye kona.

Alipofika Pasiansi giza lilikuwa limeshaingia. Alipita mbele ya nyumba ya Mama Nikhil, akasimamisha gari getini kwake mwenyewe, akashuka na bakuli mkononi. Mama Nikhil alikuwa amesimama barazani, kajifunika shali.

"Nimeziona," alisema. "Zote mbili zinawaka."

"Ahsante sana, Mama Nikhil. Winnie amekufungia wali, na anakusalimu."

"Lakini umechelewa leo. Siku nyingine uniage, nijue. Nimechungulia dirishani mpaka macho yanauma."

Mzee Mashimba alibaki ameshika bakuli la wali. Tangu Sabina afariki, hakuna mtu aliyewahi kujua kama amechelewa.

"Nitakuaga," alisema.