Aliyeitika Kwenye Kioo

Ilikuwa kazi ya kufuta kioo tu. Hivyo ndivyo Chelangat alivyomwambia mumewe, na ilikuwa nusu ya ukweli. Kesho yake askofu angepanda kutoka Nakuru kubariki dirisha jipya, na mafundi walikuwa wameliacha na alama za vidole na madonge ya patti, ule udongo wa kushikizia vioo, kila pembe. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwake, mke wa katekista. Akachukua ndoo na kitambaa, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Jua lilikuwa limeshaegemea msitu wa Mau.

Nusu nyingine ilikuwa inamngoja nyuma ya miti ya miwati, imejifunika blanketi.

"Umemwambia nini Kipkemei?" akanong'ona Chepkurui, mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi.

"Nafuta kioo."

"Na mimi?"

"Wewe sikukutaja, Kogo."

"Vizuri. Miaka yote mwanangu ananivuta niingie kanisani, na leo naingia kama mwizi wa kuku." Akachekea puani, akashika kiuno, akaugulia, wakaenda.

Mtoto mgongoni hakucheka wala hakulia. Salli alikuwa na miezi mitatu, na mwezi mzima sasa alikuwa hanyonyi ila kidogo, hivyo hivyo, kama mtu anayelazimishwa dawa. Daktari wa hospitali alimgeuza akamgeuza, akasema hana ugonjwa. Lakini mama anajua uzito wa mtoto wake. Kila asubuhi Chelangat alimnyanyua, na kila asubuhi mkono ulimwambia kwamba amepungua.

Ilianza siku aliyochorwa. Memsabu Orla, yule Mzungu wa vioo vya rangi aliyekuwa na tanuru lake kule Njoro, aliambiwa na misheni atengeneze Mariamu na Mtoto, lakini safari hii wawe Waafrika, watu wa hapa hapa. Akamwona Chelangat akinyonyesha nje ya shule, akasema ndiye. Akachora, akapaka nyuso juu ya kioo kwa rangi ya kahawia, akazichoma motoni, akaunganisha vipande kwa mikanda ya madini ya risasi. Watu walistaajabu. Ni Chelangat kabisa! Ni Salli kabisa!

Kogo peke yake hakustaajabu.

"Msichana amefanywa Yesu," alisema, "na mama yake amefanywa Mariamu, hata kupika mboga za managu hajui. Hayo si kitu. Lakini mtoto ambaye hajaitwa hachorwi. Umefungua milango miwili, na hakuna aliyeingia hata mmoja."

Kwao mtoto akizaliwa, kina mama humpakata na kutaja waliokufa wa ukoo, jina baada ya jina, mpaka mtoto apige chafya. Anayetajwa wakati huo ndiye aliyerudi. Hapo wanawake hucheka kwa furaha, kwa sababu mtoto amepata mwenyewe wake. Kipkemei alikataza. Mtoto wa katekista ataitwa Salli kwa maji, kesho, mbele ya askofu, na hakuna kitu kingine. Na Chelangat, aliyefika darasa ambalo wasichana wengi wa huko hawakuliona, alikuwa amekubaliana naye. Alikubaliana naye mpaka mkono ulipomwambia juu ya uzito.

Wafanyie wapi? Nyumba za misheni kuta zake ni mbao, jirani akikohoa unamwambia pole. Chumba kimoja tu kilikuwa na kufuli.

Wakaingia. Chelangat akafunga mlango kwa ndani.

Kanisa lilinuka mbao mpya na mafuta ya patti. Dirisha lilikuwa upande wa magharibi, juu ya madhabahu, na jua la mwisho lilipita ndani yake likamwaga wekundu na samawati sakafuni. Mariamu mweusi akitazama chini. Mtoto mikononi mwake akitazama mbele.

"Anatutazama," akasema Kogo.

"Ni rangi tu."

Tik.

Chelangat alishtuka.

"Ni kioo," akasema upesi. "Memsabu alinieleza. Jua likikiacha kinapoa, kikipoa kinalia. Tusiogope."

"Nani anaogopa? Kaa chini."

Wakaketi benchi la mbele. Kogo akampakata Salli, akamfunua uso. Alikuwa na kichupa cha ugoro shingoni lakini hakukigusa. Wengine humnusisha mtoto kidogo ili apige chafya, yeye alisema atakayekuja aje mwenyewe. Akaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi.

"Tapsubei... ni wewe? Tapsubei... Chemutai... ni wewe, Chemutai? Tabutany..."

Salli alitazama dari.

Majina yalikwenda. Mengine Chelangat aliyafahamu, mengine hakuwahi kuyasikia. Kila jina Kogo alilirudia, akangoja, akaliacha. Wekundu ulipanda kutoka sakafuni, ukapanda ukutani, ukafifia. Tik... tik... Kogo akaenda upande wa mama yake Chelangat, akawamaliza hata hao.

"Endelea, Kogo."

"Wamekwisha."

"Wote?"

"Wa kuitwa wamekwisha."

Na wa kutoitwa je? Chelangat alimwona mwanawe pale mapajani, shingo kama ya kifaranga, na kesho, na keshokutwa, na mkono wake ukimnyanyua akiwa mwepesi zaidi na zaidi, na kabla hajafikiri akakumbuka jina alilosikia wanawake wakinong'ona mtoni.

"Na yule Cheptanui?"

Chafya.

Ndogo, laini, ya mtoto mchanga.

Chelangat akafungua mdomo acheke, kwa furaha. Kisha akaona uso wa Kogo. Kogo hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akitazama juu.

Chafya ilitoka dirishani.

"Umemwita," akasema Kogo. "Wewe mtoto... umemwita."

"Ni kioo! Kogo, kimelia tu, kinapoa..."

"Kioo hulia hivyo?"

Jua lilikuwa limezama. Nje palikuwa kijivu, madirisha mengine yote yalikuwa kijivu, lakini shavu la mtoto wa kioo lilikuwa bado jekundu. Na harufu... harufu ya maziwa yaliyooza, yenye majivu ndani. Ikashuka polepole mpaka kwenye benchi.

"Alikuwa nani?" akanong'ona Chelangat.

"Dada wa baba mkwe wangu. Hakuzaa. Alipenda kubeba watoto wa wenzake, na kila aliyembeba hakukua. Wawili walikuwa wangu. Walimfukuza. Alikufia porini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja ndani ya nyumba."

Tik. Kipande cha patti kikaanguka madhabahuni.

Salli akageuza shingo. Mtoto ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amegeukia kitu aligeuka kulielekea dirisha, akafungua mdomo, kama anavyofungua mtoto aliyeonyeshwa titi.

Chelangat akainuka, akashika ndoo. "Nakivunja!"

"Thubutu! Hiyo ndiyo nyumba yake kwa sasa. Ukiivunja atakwenda wapi? Si yupo hapa mwingine aliye wazi?" Kogo akamshika mkono kwa nguvu. "Mjaze huyu. Mwite mtu. Haraka!"

"Nimwite nani? Umesema wamekwisha!"

Mdomo wa Salli ukafunguka zaidi.

"Niite mimi."

"Kogo, wewe uko hai! Huitwa waliokufa tu, wewe mwenyewe ulisema..."

"Acha masomo hapa. Niite!"

Harufu ilikuwa sasa kwenye nywele, kwenye nguo. Mikanda ya risasi dirishani ilikuwa inalia yote kwa pamoja, kama meno.

"Chepkurui," akasema Chelangat. "Chepkurui... ni wewe? Chepkurui..."

Salli akapiga chafya.

Yeye mwenyewe, mapajani, na kamasi likamtoka puani.

Kimya kikaja. Chelangat akamnyakua, akacheka, kama desturi inavyotaka, peke yake, machozi yakimshuka. Akatazama juu. Palikuwa na kioo tu, giza tupu, wala hungejua nani ni mama nani ni mtoto.

"Kogo, umesikia? Kogo?"

Kogo alikuwa ameinamia mbele, paji la uso juu ya magoti, kama mtu anayesali. Hakuwahi kusali maishani mwake.

"Kogo..."

Akamgusa bega. Lilikuwa baridi, kama nyumba iliyohamwa.

Ndipo bibi akainuka. Hakushika kiuno, hakuugulia. Aliinuka mara moja kama msichana.

"Twende," akasema.

Walirudi kwa njia ya shamba la pareto, Chelangat mbele, hatua zile nyepesi nyuma yake. Hakugeuka. Mtoto alikuwa mzito kifuani, na alikuwa amepata titi mwenyewe, na ananyonya, ananyonya kwa nguvu mpaka inauma. Alitaka kushukuru. Hakujua amshukuru nani, wala yuko mbele yake au nyuma. Upepo ulipovuma kutoka nyuma, ulileta maziwa na majivu.

Kipkemei alikuwa mlangoni na taa. Alipomwona mama yake alifurahi sana.

"Mama! Mlikuwa wote kanisani?"

"Wote," akasema bibi. "Ni pazuri. Kesho mimi ndiye nitakayembeba mtoto kwenye maji."

Kipkemei karibu alie. Miaka yote aliyombembeleza! Akamletea kigoda karibu na moto, akampa uji, hakuunywa. Aliketi akitazama ng'ambo ya moto, bila kupepesa.

"Mama Salli," akasema Kipkemei, "mpe bibi yake ampakate kidogo."

Salli, bila kuachia titi, alimtazama yule mwanamke wa ng'ambo. Vidole vyake vidogo vikakamata nguo ya mama yake, vikaikunja.

"Bado ananyonya," akasema Chelangat.

"Nitangoja."

Titi lilikuwa limeshakauka. Chelangat akamhamishia la pili, la mwisho.