Benchi Wasilokalia Watu

Saa ya chakula cha mchana soko zima halikuwa na pa kukaa, isipokuwa benchi moja. Hilo ndilo alilolikalia Fundi.

Mtu mwingine angejiuliza. Watu walikuwa wamesimama na sahani mikononi, wengine wamechuchumaa kwenye ngazi zinazoshuka majini, mama mmoja anakunywa supu huku mtoto yuko mgongoni, na benchi refu namna ile, nyuma ya safu ya wauza samaki, limekaa tupu. Wapitaji wakilikaribia waligeuza uso na kuongeza mwendo. Lakini Fundi alikuwa mpiga rangi wa magari, na miaka ya kupuliza rangi bila kujifunika uso ilikuwa imemla pua. Hakusikia harufu yoyote, iwe ya waridi, iwe ya choo. Aliona benchi, akamshukuru Mungu, akakaa.

Siku zote mkewe ndiye aliyechagua pa kukaa. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na pua yake ilisifika mtaa mzima: maziwa yakiwa ndiyo kwanza yanafikiria kuchacha, yeye keshajua. Nyumbani alimnusia mumewe kila kitu, nyama, mashuka, mashati, hata mtungi wa gesi. "Bila huyu Pua wangu ningekuwa marehemu," Fundi alipenda kuwaambia watu, na wala haukuwa utani mtupu. Ila mchana ule foleni ya samaki wa kukaanga ilikuwa haisogei, ndipo mkewe akamwambia, "Baba, wewe tangulia, ukatuwahie nafasi."

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu, chumba cha kupanga juu ya soko, dirisha linatazama maji. Wazo lilikuwa la mke. Mumewe alikuwa anakonda. Chakula kisicho na harufu alikitafuna kama karatasi, akila vijiko vitatu anasukuma sahani, na suruali zake sasa zilishikwa na mkanda tu. Mkewe alikuwa anaogopa, tena sana, kwamba angemzika mume huku yeye mwenyewe ni mpishi. Ndiyo maana alimleta kwenye soko lililosifiwa kuwa lingemfanya hata maiti aombe kijiko.

Alipofika na sahani zake mbili, alimkuta Fundi ameinamia bakuli, anakunywa, na machozi yanamtoka.

"Mke wangu," alisema. "Nasikia harufu."

"Harufu gani?"

"Tangawizi. Pilipili manga. Moshi wa kuni. Nasikia, jamani! Nasikia!"

Yeye alisikia nyingine. Ilimpiga usoni akiwa hajafika bado, uvundo wa maji yaliyosahaulika kwenye ndoo na kitu kilichofia humo. Mbele ya benchi palikuwa na kibanda cha bati kilichofungwa, kufuli limeota kutu. Moto haukuwepo. Ndani ya bakuli la mumewe kulikuwa na maji ya kijani yenye magamba yanayoelea.

"Nani kakupa hiyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yule mama hapo." Fundi alionyesha kufuli. "Mtu wa watu kweli. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kukaa hapa. Nikamwambia mimi si nimeshakaa?"

Hapo ndipo mke alipotakiwa kumshika mkono na kukimbia naye, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Lakini Fundi alivuta sahani zote mbili, akala samaki, akala na wa mkewe, akanyonya na mifupa, anacheka mdomo umejaa. Tangu lini hakumwona hivyo? Mke alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na furaha hiyo ikamziba mdomo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini mwenye njaa naye haulizi chakula kimetoka wapi.

Uvundo uliwafuata ngazi zote hadi chumbani.

Fundi alisimama dirishani akinusa watu wa chini. "Yule mzee mwenye kofia ini lake limeoza," alisema taratibu. "Na yule binti wa matunda ana mimba. Hajajua bado." Kisha akalamba midomo, na mkewe akasema ana usingizi.

Mvua ilianza kupiga bati. Mke alilala akiutazama ukuta, mchana ule ule, pazia limefungwa, na nyuma yake akasikia mumewe anapanda kitandani na kuanza kumnusa, kwanza nywele, halafu shingo, halafu mfupa wa bega, pumzi ndefu ya kuvuta, ndefu kuliko inavyoweza kuwa pumzi ya mtu, inavuta na kuvuta bila kutoka, na yeye akawa anahesabu moyoni akingoja itoke, akingoja angalau akohoe, acheke, aseme ni mzaha, mpaka baridi ikamshika miguuni na akatambua kwamba haitatoka kwa sababu anayevuta hahitaji kuitoa.

Halafu sauti ya mwanamke ikamwambia sikioni, kwa upole kabisa:

"Ni wewe uliyekuwa unamnusia? Ahsante, mwanangu. Sasa nitaendelea mimi."

Alishuka ngazi bila viatu.

Wauza samaki walipomwona uso tu walimwelekeza kwa muuza chumvi, mama mnene mwenye miwani aliyekuwa anazozana na mtu kwenye simu. Alimsikiliza mara moja, akaikata simu.

"Amelikalia? Na harufu yote ile?"

"Mume wangu hana pua."

Muuza chumvi alijishika kiuno. "Lo! Dada, sisi hapa hatujawahi kuweka kamba wala kibao. Harufu ndiyo ukuta wetu. Nani angekaa? Kumbe hatukumfikiria mtu wa namna hiyo."

"Ni nani humo?"

"Alikuwa anauza supu hapo, zamani, kabla ya mimi. Wateja walimkimbia, akafa na chungu chake jikoni. Kilichovaa sura yake sasa si mtu. Kinapenda wageni. Mlete soko likifungwa. Na unisikilize vizuri: lazima amkatae mwenyewe, kwa mdomo wake."

Walimrudisha Fundi kwenye benchi jioni, wauza samaki wawili wakimshika mabega, maana alikuwa mzito kuliko umbo lake. Muuza chumvi alimfunika gunia lililoloweshwa, akamwaga chumvi ya mawe kumzunguka, akaita kwa maneno yake, kwa ukali wa mtu anayefukuza mbuzi dukani. Kufuli la kibanda likaanza kugongagonga.

"Sema humtaki," muuza chumvi aliamuru.

Fundi alilia chini ya gunia. "Mnataka kunirudisha kwenye karatasi. Mke wangu, hujui. Wewe hujui hata kidogo."

"Sijui," mkewe alisema, akapiga magoti kwenye chumvi. "Lakini nakutaka, Baba. Nakutaka hata ukikonda. Mkatae, turudi nyumbani."

Kufuli liligonga kwa muda mrefu. Hatimaye Fundi alisema, kwa sauti yake, "Sikutaki. Chukua chako." Kufuli likanyamaza, naye akalegea mikononi mwa watu.

Muuza chumvi alijifuta jasho. "Mimi naona ya machoni tu, ndugu yangu. Mwenye pua ni wewe. Uvundo ukikatika, kaondoka. Haya, nusa."

Mke alivuta pumzi kwa hofu. Mbele yake wanawake walikuwa bado wanapara samaki, utumbo umejaa kwenye ndoo. Akavuta tena. Hewa ilikuwa safi kabisa.

"Umeisha," alisema, akaangua kilio.

Walirudi nyumbani asubuhi. Fundi alikuwa mpole, analala sana, anakula vijiko vitatu na kusukuma sahani, na mkewe alimshukuru Mungu kwa kila kijiko. Shuleni wanafunzi walianza kulalamika kwamba mboga inaungua. Akawaambia wamedeka.

Siku chache baadaye jirani wa mlango wa pili alibisha hodi. Alikuja kurudisha sufuria, lakini hakuitoa. Alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya khanga.

"Dada, usinifikirie vibaya," alinong'ona. "Kuna kitu kimefia humu ndani?"

Mke alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alikwenda jikoni, akachukua kitunguu saumu, akakiponda kwa kiganja, akakisogeza puani. Akafungua chupa ya siki. Akawasha kiberiti na kukizima, moshi ukampanda usoni hadi macho yakamtoka machozi. Hakusikia kitu. Alisimama na vitu vile mkononi na akaelewa kwamba sokoni jioni ile uvundo haukuwa umeisha, ila pua yake ndiyo iliyochukuliwa, na kwamba tangu siku hiyo hapakuwa na mtu humu ndani wa kujua.

Kutoka chumbani ilitoka pumzi, ndefu, ya kuvuta tu.

"Ni nani mlangoni, mke wangu?" Sauti ya Fundi ilikuwa ya ukarimu. "Si ni yule mama wa kichanga? Nasikia maziwa. Karibu, shemeji, karibu ndani, mbona unasimama nje?"

Mke alitaka kupiga kelele, lakini jirani alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alikwishaondoa khanga puani, akavua viatu, na mguu mmoja ulikuwa ndani.