Macho Barabarani, Akili Karakana

Fundi wa makochi alikuwa na pikapu yake na njia yake moja: nyumbani hadi karakana.

"Gari langu linajiendesha lenyewe," alipenda kujisifu. "Mimi nalisindikiza tu."

Asubuhi moja mkewe alimwomba ampeleke mama yake hospitali, kwa daktari wa macho. Mama mkwe akakaa mbele, mkoba mapajani. Fundi akawasha gari, huku akiliwaza kochi la mteja mmoja msumbufu. Kitambaa kitatosha? Kikipungua, aunge wapi?

Alipozinduka, alikuwa mlangoni pa karakana.

"Hospitali yenu mbona ina mbao tupu?" mama mkwe akauliza.

Fundi akaona haya. "Samahani, mama. Nimepitiwa."

"Kupitiwa si neno. Lakini ile taa nyekundu uliiona?"

"Taa gani?"

"Na yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyeruka kurudi nyuma?"

Fundi akazima gari. "Mbona hukunishtua?"

"Nilipiga kelele, mwanangu. Hukunisikia. Sasa tuambiane ukweli: kati yetu, nani apelekwe kwa daktari wa macho?"

Jioni fundi alikwenda kwa jirani yao, mama anayeendesha gari la wagonjwa kwa miaka mingi sasa. Akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Macho yako ni mazima," jirani akasema. "Ila njia ukiizoea, mikono na miguu hufanya kazi bila kukuuliza. Akili inaona haina kazi, inajiondokea. Macho yanatazama, lakini hakuna wa kupokea habari."

"Na dawa yake?"

"Ipe akili kazi. Panda nikuonyeshe."

Jirani akashika usukani. Njia nzima alisema kwa sauti ya chini kila alichokiona. "Duka, mlango wazi, mtu anaweza kutoka. Kioo cha nyuma, teksi iko karibu. Makutano yale, naondoa mguu kwenye mafuta."

Fundi alistaajabu. Mtaa ni uleule, lakini yule mama aliuona kama mgeni aliyeufikia leo.

"Mawazo ya kazi yakinijia?"

"Yaache, urudi barabarani. Yakigoma, egesha pembeni uwaze mpaka uridhike."

Tangu siku hiyo fundi akawa anaongea peke yake garini. Watu walimcheka. Hakujali.

Siku moja, karibu na soko, alikuwa akisema: "Baiskeli, magunia, mzigo unayumba. Napunguza mwendo." Mara baiskeli ikaanguka katikati ya barabara. Pikapu ikasimama mbali nayo, bila hata tairi kulia. Mwenye baiskeli akainuka, akajipangusa unga, akafunga mzigo wake upya na kwenda zake.

Jioni fundi alimsimulia jirani.

"Na nyuma yako kulikuwa na nini?" jirani akauliza.

"Lori la mchanga. Niligusa breki mapema ili dereva wake anione."

Jirani akatikisa kichwa kukubali.

"Kesho nina zamu ya alfajiri," akasema. "Wanangu utawapeleka shule wewe."