Rangi Moja Inashinda Mfululizo

Mama alinituma magharibi, baada ya kumkalisha bibi harusi sebuleni na kumpa chai ili asiondoke kwa hasira. "Kamtoe baba yako kasino. Mwambie gauni la watu bado halina mikono!"

Baba ni fundi cherehani. Akifunga kibanda jioni hupita kucheza poka raundi mbili tatu, "kunyoosha vidole," anavyosema. Nilikwenda na hotuba yangu tayari kichwani. Mimi ni mtu wa midahalo chuoni, na sijawahi kushindwa mbele ya watu. Nasema hili mapema ili mjue ni nani aliyemponza baba yangu.

Ndani hapakuwa na dirisha hata moja. Kwenye meza ya mwisho walikaa wawili tu: baba, na mama mmoja aliyevaa glavu nyeusi hadi viwikoni. Kijana mgawa karata alisimama mbele yao, jasho linamchuruzika. Palikuwa na harufu... ya nguo zilizofungiwa kabatini zikiwa mbichi.

Mezani hapakuwa na hela.

"Zangu zimekwisha," baba alininong'oneza, anacheka. "Huyu mama kasema tucheze mkono kwa mkono. Nikishindwa, anachukua mkono wangu. Nikamwambia chukua tu, si karata tano hizi!"

Karata zilikuwa zimeshafunuliwa. Baba alikuwa na tano, sita, saba, nane, tisa, za rangi mchanganyiko. Yule mama alikuwa na karata tano zote za kopa, zisizofuatana.

"Mzee ameshinda," mgawa karata alisema harakaharaka.

"Ameshinda kwa sheria ipi?" nikauliza.

"Dada... nyamaza."

Hapo ndipo aliponiwasha. Ninyamaze? Wanaume wawili wanamdhulumu mama wa watu mbele yangu, na eti kwa kuwa mmoja ni baba yangu, nifumbe macho?

"Sinyamazi. Jozi inashindwa na jozi mbili. Jozi mbili zinashindwa na tatu za namba moja. Tatu zinashindwa na mfululizo, na mfululizo unashindwa na rangi moja. Mfululizo unaweza kupatikana kwa njia elfu kumi na mia mbili. Rangi moja, elfu tano mia moja na nane. Kilicho adimu ndicho kikubwa. Au hapa hesabu hubadilika mwanamke akikaa mezani?"

"Mwoneni huyu," baba alisema, na sauti yake ilijaa fahari. "Nimsomeshe mimi, atetee wengine!"

Macho ya mgawa karata yalilengwalengwa na machozi. "Nakuomba, dada."

"Mkono wa mama ndio mkubwa," nikasema. "Nimemaliza."



Yule mama alinitazama kwa upendo kabisa. "Asante, mwanangu. Wengi hunidhulumu." Akavua glavu ya kulia, taratibu... Mkono ulikuwa wa mwanamume. Mpana, na grisi nyeusi imeganda kwenye kucha.

"Tupeane mkono, mzee. Bila kinyongo."

Na baba, kwa uungwana wake, akampa.

Nilisikia kitu kama uzi unakatwa.

Kich.

Akavaa glavu yake, akaondoka. Mgawa karata alisogeza kiganja chake cha kushoto chini ya taa ili nikione. Kilikuwa kidogo, kimekunjamana, cha bibi kizee.

"Mkono wangu ulikuwa unapiga gitaa," alinong'ona. "Nilikuwa na jozi moja, yeye mbili. Yule mama hachukui asichoshinda kwa haki, dada. Uongo mmoja tu ungetosha... na nilikuwa nimeshausema."

Usiku huo bibi harusi alichukua gauni lake hivyo hivyo, bila mikono. Baba alikuwa amekaa kwenye cherehani tangu turudi, mkono wa kulia umelala juu ya kitambaa kama mgeni asiyejua akae wapi. Mpana. Kucha nyeusi. Ameuosha kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, hadi ngozi ikachubuka. Asubuhi grisi imerudi. Daktari aliupima akasema ni mzima kabisa, akamsifu baba kwa nguvu za vidole.

Kibanda kimefungwa. Mimi bado niko chuoni, na bado nashinda midahalo.

Kila magharibi vidole vile huanza kuzunguka hewani, pole pole, kama vinafungua nati. Mama amehamia upande wa kushoto wa kitanda. "Mkono huo una mwenyewe," aliniambia bila kunitazama. "Na mwenyewe huenda ana mke."

Baba hajanilaumu hata mara moja. "Hukukosea, mwanangu. Sheria ndiyo hiyo." Afadhali angenipiga kofi.

Juzi jioni mlango uligongwa. Mwanamke nisiyemjua, macho yamevimba kwa kulia, aliniuliza kama hapa ndipo kwa fundi magari.

"Hapana, dada," nikasema. "Hapa ni kwa fundi cherehani."

Hakuondoka. Alikuwa anasikiliza kitu nyuma yangu.

Ndani, baba alikuwa peke yake chumbani. Alikuwa anaubembeleza mkono ule, kwa sauti ya chini sana.

"Tulia... tulia wewe. Tulia."