Aliyefuta Rekodi ya Mkewe

Duka la fotokopi la Chapa lilikuwa na kompyuta moja, viti viwili na amani tele. Chapa ni jina alilobandikwa na wateja, likamganda hadi mama mkwe wake naye akalitumia. Yeye alitoa fotokopi na kujalidi ripoti za wanafunzi, na mkewe aliwaandikia watu barua na kuchora kadi za mialiko. Wakigombana, basi ni juu ya feni igeukie upande gani.

Mchana wateja wakipungua, Chapa alifungua kwenye kivinjari mchezo wa zamani, ule uliokuwa ukichezwa kwa kutumbukiza sarafu kwenye mashine kubwa. Chini ya skrini kuna kichombo kimoja, na juu yake safu za maadui wa angani wanaoteremka wakidondosha mabomu. Kipanya ndicho usukani. Ukibonyeza, risasi inatoka. Ukifa, inakuja orodha ya washindi kumi, nawe unaandika jina lako. Orodha hiyo ilitunzwa ndani ya kompyuta ileile, na majina yote kumi yalikuwa BINGWA. Si mnajua tena, anayeshindana peke yake hakosi kombe.

Jumatatu moja alirudi kutoka kununua wino, akakuta jina geni juu kabisa: MKE WAKO. Alama zake zilikuwa mara mbili ya zile za Bingwa.

"Umecheza wewe?" akauliza.

"Nilikuwa nasubiri mashine ipoe," mkewe akajibu akicheka. "Kumbe katamu hivi!"

Gundi, fundi viatu wa kibarazani, akachungulia mlangoni. "Hee! Shemeji kakufanyia hivyo? Bingwa wetu kapigwa na mama watoto!"

Chapa alicheka pamoja nao, lakini roho ilimuuma. Ndugu zangu, msione aibu kumcheka. Kisha kila mtu ajiulize, mwenzake akisifiwa yeye hutazama wapi.

Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Mteja akija na kitambulisho cha kutolewa nakala, aliambiwa, "Ngoja kidogo," na hiyo kidogo ilimfanya aende duka la jirani. Ripoti ya mwanafunzi mmoja aliijalidi kichwa chini miguu juu. Jumatano mkewe alicheza tena, mara moja tu, simu ikiwa sikioni, akaipita rekodi yake mwenyewe.

"Unafanyaje?" Chapa akauliza.

"Mkono tu umezoea kipanya. Si nachora kila siku?"

Na kweli alichora. Kwa miezi mitatu, kila alipopata upenyo, alikuwa akichora kitabu cha watoto cha kuku aliyekataa kulala. Kurasa thelathini, zote kwa kipanya. Alichorea kwenye tovuti ya bure aliyoonyeshwa na Chapa mwenyewe, ambayo haikudai kujiandikisha. Siku ya kwanza tovuti iliwaonya kwamba kazi itakaa ndani ya kivinjari chao tu. Wino wa rangi ni ghali, kwa hiyo mkewe akasema atachapa kitabu kikiisha. Mhariri mmoja alikuwa ameahidi kuja kukitazama Ijumaa. Hilo nalo lilimkereketa Chapa, kwa sababu siku hizi watu waliingia dukani kwake wakiuliza, "Yule mama anayechora yupo?"

Alhamisi mkewe alikwenda kwa fundi kuchukua gauni la kumpokelea mhariri. Chapa akakaa kwenye kiti chake, akacheza hadi kidole kikafa ganzi. Akabakisha alama arobaini tu, bomu likamshukia.

"Shemeji bado yuko juu?" Gundi akauliza kutoka nje.

"Hatakaa muda mrefu," Chapa akasema. "Naifuta hiyo orodha."

Akafungua mipangilio ya kivinjari, akachagua kufuta data za tovuti zote. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Orodha ikabaki tupu, akacheza mara moja, akaandika BINGWA, moyo ukamtulia kabisa.

Mkewe akarudi na gauni mkononi, akafungua tovuti ya kuchorea. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Baba watoto, kitabu changu kiko wapi?"

Chapa akalikumbuka lile onyo la siku ya kwanza. Hapo angeweza kusema kweli. Akasema, "Labda umeme. Leo umeme umekuwa ukikatikakatika tangu asubuhi."

Mkewe hakulia. Alivuta kiti, akaanza upya ukurasa wa kwanza, na Chapa akamchemshia chai na kumsimamia nyuma. "Asante mume wangu," akamwambia bila kugeuka. "Bila wewe ningechanganyikiwa." Chapa alitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa mhariri akafika, akakuta kurasa tano. "Mkono unao, mama," akasema kwa upole. "Lakini leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea vitabu vizima. Nimeahidiwa vingine." Akaaga.

Kabla mhariri hajavuka kibaraza, Gundi, asiyejua lolote, akaingiza kichwa. "Chapa! Baada ya kufuta rekodi za shemeji jana, sasa nani anaongoza?"

Mama akamtazama mumewe. "Ulifuta nini?"

Chapa akakiri. "Nilitaka kufuta rekodi tu. Nilikuonea wivu."

"Ungeniambia," mkewe akasema, "ningeifuta mwenyewe."

Akakusanya penseli na karatasi nyeupe. Mlangoni akasimama. "Ukurasa wa mwisho niliandika: Kwa mume wangu, aliyenipisha kwenye kompyuta."

Siku hizi mama huchora kwa penseli nyumbani kwa dada yake, na mlangoni pa duka la mumewe hupita kama ni duka la mtu baki. Chapa yuko palepale. Mchezo ukifunguka, orodha ina jina moja, nafasi ya kwanza, na hakuna wa pili.

MAFUNZO

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Lakini anayemwonea wivu mtu wa nyumbani kwake hakondi peke yake, hukondesha nyumba nzima. Mwenzako akikushinda, mpigie makofi. Ushindi wake unalala chini ya paa lako. Ukishamkosea, sema siku hiyohiyo, maana Chapa angesamehewa wivu wake. Chai aliyoichemsha huku akidanganya ndiyo mkewe hajaisahau. Na mchezo ni mchezo. Ukiona umekunyima utulivu wa moyo, funga kompyuta, ukamhudumie mteja aliyesimama na kitambulisho chake.