Nyayo za Babu Wendell

Basi la shule lilipomshusha, Corinne Hostetler alikung'uta theluji kwenye buti zake na kuingia ndani kwa mlango wa jikoni. Nyumba yao, kusini mwa mji wa Fort Wayne, ilinukia tambi za kuku. Tangu Babu Wendell afariki mwezi wa kumi, walibaki watatu tu: Corinne, Bibi Lorene na paka wao, Otis.

"Umemsikia?" Bibi aliuliza jioni ile, kijiko kikiwa hewani.

Corinne akatega sikio. Chini ya sakafu, kwenye chumba chenye mashine ya gesi inayopasha nyumba joto, palitoka sauti. Du! Kimya. Du! Ilikuwa kama mtu anayechechemea akipanda ngazi. Babu alikuwa akichechemea.

"Ni yeye," Bibi alinong'ona. "Jana nilimwona amesimama mlangoni na koti lake la kazi."

Kichwa kilikuwa kikimuuma Corinne. Taa ya jikoni ilionekana kama inayumba. Chini ya kiti, Otis alilala bila hata kunusa chakula chake.

"Bibi, tumwambie Mjomba Verlin."

"Thubutu! Akisikia naona wafu, kesho niko nyumba ya wazee, na wewe utahamia kwake, jimbo la Ohio. Hii ni siri yetu. Niahidi."

"Naahidi, Bibi."

Baridi ilizidi, na madirisha yakazibwa kila ufa. Asubuhi Corinne aliamka na kichefuchefu, miguu mizito kama iliyojazwa mchanga. Ajabu ni kwamba akishafika shuleni, kichwa kilianza kupoa, na saa ya chakula alikuwa mzima kabisa.

"We Corinne, mbona uso kama maiti?" Tobin, mwanafunzi mwenzake, alimtania ndani ya basi. "Au huko kwenu mnalala na mizimu?"

Wenzake waliangua kicheko. Corinne aligeukia dirishani.

Ijumaa moja Bibi hakuamka kupika kahawa. "Niache nilale," alisema kwa sauti ya mbali. "Babu yako amekuja. Amekaa hapa kitandani."

Corinne alitazama. Aliona, au alidhani ameona, ukingo wa godoro umebonyea. Akatoka mbio hadi kwenye basi, bila hata kufunga kamba za buti.

Darasani alishindwa kuzuia machozi, mwalimu akampeleka kwa nesi wa shule, Bi. Vanzant.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Kichwa. Lakini huwa kinapona nikifika shule."

Nesi aliacha alichokuwa akifanya. "Kinapona shuleni? Nyumbani kuna mwingine anayeumwa?"

Corinne aliuma mdomo. "Nimeahidi nisiseme."

"Umemwahidi nani?"

"Bibi."

"Na Bibi yuko wapi sasa hivi?"

"Kitandani. Peke yake... na Babu."

"Corinne, babu yako si alifariki?"

Hapo alishindwa kujizuia. Alisimulia yote: nyayo, koti, kichefuchefu, paka asiyeamka. Kabla hajamaliza, nesi alikuwa ameshapiga simu zimamoto.

Wazimamoto walivunja mlango wa nyumba. Bibi alikuwa hai, ingawa hakuweza kusimama. Otis alikuwa amekufa.

Hospitalini, mkuu wa zimamoto aliwaeleza kwa upole. Bomba la kutolea moshi wa mashine lilikuwa limechomoka. "Hewa iliyojaa ndani inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huumiza kichwa, humfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo, kisha humuua. Iwe mashine ya gesi, iwe jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ni hatari ileile. Zile nyayo zilikuwa mabati ya mashine yakitanuka kwa joto."

Mjomba Verlin, aliyeendesha gari mbio kutoka Ohio, aliushika mkono wa mama yake. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka nyumba ya wazee."

"Ningeleta fundi, Mama. Fundi tu."

Bibi aligeuza uso ukutani. Corinne alisogea karibu na kitanda, akilia. "Nisamehe, Bibi. Nimevunja ahadi."

Bibi aliisogeza pembeni barakoa ya oksijeni. "Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Sikupaswa kukudai ahadi ile."

"Kwa hiyo Babu hakuwepo?"

"Hakuwepo. Nilitamani mno arudi, hata nikaona heri kuishi na kivuli kuliko kumwambia mwanangu kwamba upweke unanimaliza. Ona ilivyotugharimu." Alimvuta mjukuu wake kifuani. "Sikiliza, Corinne. Siri inayomuumiza mtu haitunzwi. Mkubwa akikuambia ufiche maumivu, yako au yake, usimtii. Nenda kaseme, na asiposikia wa kwanza, mwambie wa pili. Hata kama huyo mkubwa ni mimi."