Uvundo Ukikatika

Jini la nyumba ya Kaswera halikubisha hodi. Lilianza na mayai. Kaswera alivunja matatu, hakuna hata moja lililooza, lakini jiko zima likanuka mayai viza. Akayamwaga. Harufu ikabaki palepale, imejibanza kwenye koti la mumewe, Anselme, nyuma ya mlango.

Mwaka huo wa 1969 Anselme alifanya kazi katika banda la majaribio la kiwanda kimoja pale Kasese. Gesi taka yenye uvundo waliipitisha kwenye bomba lililochomwa mpaka likawa jekundu. Salfa ya manjano ikabaki chini, na juu ikatoka haidrojeni, gesi safi ya kuwashia tanuru.

"Tuko napika uvundo, mama," alimwambia mkewe akicheka. "Inatoka moto."

Kaswera hakucheka. Medali yake ya fedha ya Bikira Maria, aliyotoka nayo Butembo, ilikuwa imegeuka nyeusi kifuani.

"Hiyo hapana kazi," jirani yake Yunia alinong'ona. "Hiyo jini. Iko nakula bwana yako."

Bila kumwambia padri, Kaswera akaenda Bwera kwa mganga, Mwalimu Kasim, akapewa chupa ya maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, anyunyize mlangoni pa banda siku tatu. "Harufu ikikatika ghafla," Kasim alisema kwa sauti ya chini, "ujue limetoka. Mshukuru Mungu."

Anselme alipoiona ile chupa hakugomba. "Sikia, Kaswera. Ikinuka, usiogope. Ikiacha kunuka, kimbia."

Mumewe asingesema hivyo. Lilikuwa jini, linatetea makao yake.

Siku ya tatu, adhuhuri, uvundo ulimpokea tangu barabarani, ukamwingia machoni na kooni, ukamfuata akinyunyiza maji, akisikia bomba likifoka ndani, na Anselme akikohoa, na kikohozi kikipungua, kikipungua, mpaka kwa pumzi moja tu harufu yote ikakatika.

"Imetoka!" Kaswera alilia kwa furaha. "Anselme, imetoka!"

Akapiga magoti mlangoni, akasali Salamu Maria mbili, polepole. Ya tatu hakuimaliza. Wafanyakazi walimburura hadi penye upepo, akapona. Anselme walimtoa jioni, amekufa.

Fundi mkuu alimweleza kwamba gesi ile ikizidi huua pua kwanza, mtu asisikie tena harufu, kisha humuua mwenyewe. Kaswera alielewa kila neno, na moyo ukampasuka: siku ile ya chupa, aliyesema alikuwa mumewe mwenyewe, si jini.

Walimzika na koti lake. Wiki haikuisha, nyumba ikaanza tena kunuka mayai viza.

"Nimuite Kasim?" Yunia aliuliza, amejiziba pua.

"Wacha inuke," Kaswera alisema. Kila mlo akapakua sahani mbili.

Asubuhi moja, akimenya matoke, harufu ikakatika ghafla. Aligeuka. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, koti lilikuwa linaning'inia, bado lina udongo wa kaburi.

Kimbia, alikumbuka. Akaweka kisu chini, akavuta kiti, akaketi.

"Karibu, bwana yangu," alisema.